Chupa Ipi Itazitunza Fleva Zako? Mwongozo kwa Waokaji wa Nairobi

Fleva ya ndimu ndiyo iliyonifunza. Nilinunua lita moja kwa bei ya jumla, nikaiacha ndani ya dumu lake la plastiki juu ya kabati, pembeni mwa oveni. Dumu lilipofika nusu, keki ya mteja ikanuka tapentaini, ile ambayo mafundi wa rangi huoshea brashi. Nilimrudishia mama wa watu pesa zake zote. Tangu hapo nimenunua chupa za aina nyingi kutoka River Road na Kamukunji, na nimezipanga hapa kuanzia ile ambayo ningekununulia wewe.

Kwanza ujue unapambana na nini. Fleva, au arki kama wanavyosema ndugu zetu wa Pwani, huharibiwa na hewa, mwanga na joto. Mafuta ya ndimu na machungwa yamejaa limonini, kemikali ya asili ambayo ikikutana na oksijeni hubadilika na kutoa ile harufu ya tapentaini. Nairobi kuna baridi, kweli, lakini jiko la mwokaji halina baridi, na kibanda cha mabati saa nane mchana ni oveni nyingine.

Namba moja ni chupa ya kioo ya kahawia, kama zile za dawa ya kikohozi. Kioo hakinyonyi harufu wala hakipitishi hewa, na rangi ile huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaodhuru. Lakini ukienda kununua, angalia kifuniko kabla ya chupa. Ninachokitafuta ni kifuniko cheusi kigumu chenye koni ndogo ya plastiki ndani. Ukikikaza, koni huingia mdomoni mwa chupa na kuuziba barabara. Kile chenye kikaratasi tu ndani hulegea baada ya kufunguliwa mara kadhaa. Nunua chupa moja kwanza, ijaze maji, ikaze, ilaze juu ya karatasi ya tishu hadi asubuhi. Tishu ikilowa, usirudi kununua dazeni. Pia ikwaruze chupa kwa ufunguo karibu na kitako, kwa maana kuna chupa nyeupe zilizopuliziwa rangi ya kahawia kwa nje, na rangi hiyo hubanduka ukiziosha.

Saizi nayo ina uzito kuliko wengi tunavyodhani. Usinunue chupa ya lita. Ukiwa na lita moja ya fleva, nunua chupa kumi za mililita 100, zijaze hadi karibu na shingo, ufungue moja baada ya nyingine. Chupa kubwa iliyobaki robo ina robo tatu za hewa, na kila ukiifungua unaingiza hewa mpya. Mimi ndimu naigawa kwenye chupa za mililita 30, maana haiendi haraka kama vanila. Chemsha chupa za kioo, kisha zikauke kabisa kabla ya kumimina.

Namba mbili ni kioo kisicho na rangi. Ni kizuri vilevile mradi kikae gizani, ndani ya katoni au kabati lenye mlango. Chupa za jamu ulizozitunza nyumbani siziwekei fleva. Mdomo ni mpana mno, na mpira wa kifuniko hubaki na harufu ya kilichokuwemo.

Namba tatu, plastiki ya PET, ile yenye namba 1 ndani ya pembetatu kwenye kitako. Ni nyepesi, haivunjiki ukiwa kwenye matatu, na bei yake ni ya chini kuliko kioo. Vanila au stroberi utakayoimaliza ndani ya miezi michache itakaa salama. Plastiki laini inayobonyea, yenye namba 2 au 4, naiweka nyuma yake kwa mbali: hunyonya harufu za machungwa na kupitisha hewa kidogo kidogo. Dumu langu la ndimu lilikuwa la namba 2.

Chupa za kudondoshea zinapendeza machoni na waokaji wengi huzinunua kwanza. Ziwe za kazi ya wiki hii tu. Mpira ule wa juu hushambuliwa na mafuta ya mdalasini na ya machungwa. Wangu ulivimba, ukawa unanata vidoleni, na fleva ikaanza kunuka mpira. Kwa kupimia, sirinji mpya isiyo na sindano kutoka duka la dawa inatosha.

Plastiki ngumu inayong'aa na kupasuka kwa urahisi, namba 6, usiikaribie. Mafuta ya machungwa na ya mdalasini huila.

Ukiletewa fleva kutoka Mombasa, ifungue ikiwa imesimama, juu ya sinki. Iliyozibwa usawa wa bahari huwa na msukumo ndani ikifika huku juu, zaidi ya mita 1,600, na inaweza kukurukia.

Fleva za machungwa ziweke kwenye friji, ndani ya mkebe unaofungwa ili maziwa yasinuke. Ukiitoa chupa, iache ipoteze ubaridi kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji ndani. Vanila halisi haihitaji friji. Sheria ya Marekani inaitaka iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35, na alkoholi hiyo ndiyo inayoitunza. Fleva ya vanila ikigeuka kahawia usiimwage upesi. Vanilini, ile kemikali inayoipa vanila harufu yake, hukolea rangi kadiri inavyokaa. Inuse kwanza.

Unapohamisha, nakili kwenye lebo jina, tarehe ya mwisho iliyokuwa kwenye chombo chenye alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na siku uliyofungua. Andika kwa kalamu ya risasi, maana wino huyeyuka tone la fleva likiugusa. Na kama una watoto, chupa hizi zikae mbali kabisa na kabati la dawa. Mtoto anayeijua dawa ya kikohozi kwa chupa yake ya kahawia hataisoma lebo yako.