Programu hii ingetufanya tutupe rezista nzima

Sijawahi kukasirishwa na kikokotoo kama nilivyokasirishwa na hiki cha kwenye simu. Kazi yake ni moja tu: unaingiza volti na mkondo kwa ampea, kinakupa ukinzani kwa ohm na nguvu kwa wati. Gawanya, zidisha, basi. Kanuni yenyewe Georg Ohm aliichapisha mwaka 1827. Hapo pa kukosea ni wapi?

Waliokiunda wamepapata. Juzijuzi kijana ninayemfundisha ufundi alikuwa anakagua rezista, kile kipande kinachozuia mkondo wa umeme, zile nyeupe za kauri, ubavuni imeandikwa 5W47ΩJ. Yaani wati 5, ohm 47, na hiyo J inaruhusu ipishane kwa asilimia 5 tu. Mita ikasoma volti 12 na mkondo wa ampea 0.25. Akaingiza kwenye programu, ikamjibu: ohm 40, wati 3.6. "Fundi, hii imekufa," akaniambia, na mkono ulishafika kwenye pipa la taka.

Haya, shika kalamu. 12 gawanya kwa 0.25 ni 48. 12 mara 0.25 ni wati 3. Ohm 48 imo ndani ya ile asilimia 5, haina shida yoyote. Rezista ni nzima kabisa! Mbovu ni programu: inakadiria mkondo kwanza hadi desimali moja, 0.25 inageuka 0.3, ndipo inaanza kukokotoa. Makadirio hufanywa kwenye jibu la mwisho, hilo hata mwanafunzi wa sekondari analijua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba makosa yake yanateteana. Hakiki nguvu kwa njia nyingine: volti kipeo cha pili gawanya kwa ukinzani, 144 kwa 40, unapata 3.6. Mkondo kipeo cha pili mara ukinzani, 0.09 mara 40, 3.6 tena. Kila mlango unaobisha unajibiwa uongo uleule, na anayejifunza anaondoka akiamini amehakikisha. Ukiweka ampea 0.04 ndiyo balaa: inaikadiria kuwa sifuri, kisha inatangaza ukinzani hauna kikomo, kana kwamba waya umekatika, wakati kwa volti 12 hiyo ni ohm 300 tu.

Niliwaandikia kwa adabu, na hesabu zote nikaziweka. Wakanijibu kwa mstari mmoja: tofauti ni ndogo, na programu ni ya wanafunzi. Ndogo? Mkondo umepanda kwa asilimia 20! Na kama ni ya wanafunzi, basi ndio wa kwanza kustahili jibu sahihi, maana fundi mzoefu anaweza kushtuka, mwanafunzi atalinakili kwenye daftari.

Sitawanyima haki yao. Inafanya kazi bila intaneti, tarakimu ni kubwa unazisoma hata ukiwa umeinama juu ya saketi, na inaonyesha kila hatua ya hesabu. Ndiyo maana nilikiona hicho 0.3. Ukiwa na mkondo wa ampea 2 au 3 kamili, majibu yanatoka sawasawa. Kwa hayo nilikuwa tayari kutoa nyota tatu, nikisubiri warekebishe.

Sasisho jipya limetoka. Wamebadilisha rangi za vitufe. 0.25 bado ni 0.3. Nyota moja, na kwenye simu ya kijana wangu programu nimeifuta kabisa.