Rili niliyoinunua Maskati, na bei yake halisi ilipofika Nungwi

Rili hii, mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia, ilinigharimu rial 175 Maskati. Mjini Unguja, rili hiyohiyo, boksi lilelile, niliambiwa shilingi milioni 2 na laki 1. Rial moja ya Omani ni dola 2.6, kwa hivyo hesabu haikunichukua muda: bei ya mjini ilikaribia mara mbili. Nilitoka dukani nimekasirika kwelikweli, nikapanda gari ya 116 kurudi Nungwi na njia nzima sikuzungumza na mtu. Leo, baada ya misimu mitatu ya kuitumia, nina maneno mengine.

Mimi na kaka yangu tuna boti ya kuvulia wageni. Kazi yetu kubwa ni kurambaza: unaburura chambo nyuma ya boti kwa mwendo wa injini, unangojea jodari, nguru, fulusi, na katika miezi ya kaskazi nduaro. Mzee wetu alirambaza kwa mshipi wa mkono na mikono yake ilikuwa na makovu ya mshipi hadi anakufa. Mgeni aliyelipia safari hawezi kuvua hivyo. Anataka rodi na rili, na anataka breki inayoaminika, kwa sababu samaki wa kilo 60 akikimbia ndiyo breki inayomchosha. Mikono ya mgeni peke yake haimuwezi.

Nilitaka rili ya spidi mbili, yaani gia mbili za kukunjia, saizi ya 50, ya samaki wakubwa. Chapa yake siitaji, maana nitakayoyaeleza hapa yangetokea kwa chapa yoyote.

Mpwa wangu anafanya kazi Maskati. Nilimpigia nikamsomea namba ya boksi, akaniambia, "Mjomba, nipe siku mbili." Siku ya pili akanitumia picha ya bei, na ndiyo niliyokwenda nayo dukani mjini. Nikatuma pesa, akanunua, akampa jirani yetu mmoja aliyekuwa anarudi nyumbani. Jirani akaionesha forodha pale uwanja wa ndege, na kilichotakiwa kulipwa kikalipwa. Hata baada ya hapo nilikuwa bado chini ya bei ya mjini kwa zaidi ya laki 5.

Nieleze kwanza uzuri wake, kwa sababu ni mzuri. Septemba ya kwanza tulikuwa Leven Bank na wageni wawili. Saa mbili asubuhi rodi ya kushoto ikainama, rili ikalia ule mlio ambao nahodha anausikia hata akiwa usingizini. Mshipi ulitoka mita 200 na kitu kabla hatujageuza boti. Niliweka kiganja ubavuni mwa rili, pale penye breki: ya moto, lakini haitetemeki, inaachia mshipi sawasawa kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa. Jodari alipozama chini ya boti na kukataa kupanda, nikambonyezea mgeni kitufe, gia ikaingia spidi ndogo, na kila mzungusho mmoja ukawa unampandisha kidogo. Dakika 50. Rili ya zamani tuliyokuwa nayo, ya spidi moja, ingetuchukua asubuhi nzima au ingekata mshipi.

Msimu wa pili, mwezi wa kumi, mkono wa rili ukaanza kuwa mzito. Kisha breki ikawa inashika na kuachia, inashika na kuachia, na hivyo ndivyo mshipi unavyokatika. Niliifungua barazani juu ya gazeti. Beringi moja ilikuwa imeganda, na pembeni yake chumvi nyeupe imekaa kama sukari iliyomwagikiwa na maji. Sahani za breki zimegeuka rangi ya chai. Sisi tunaiosha kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni, lakini mashine inayokwenda baharini siku tano za wiki inahitaji kufunguliwa na kutiwa grisi mapema kuliko nilivyokuwa nikifanya. Hilo niliambiwa baadaye.

Mpwa akarudi na risiti kwenye lile duka la Maskati. Jibu: waranti inatumika hapahapa, leteni mashine yenyewe, na iliyoingia chumvi haimo. Spea hawana, wataagiza. Nikauliza kwingine mtandaoni nikapata muuzaji Ulaya. Sahani za breki na beringi mbili zilikuwa na bei ya kawaida, lakini usafiri wa kuzileta Zanzibar ulizidi bei ya spea zenyewe. Zilichukua wiki saba. Katika wiki saba hizo, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, jodari walikuwepo na mimi nikazikataa safari tatu kwa kuwa rodi hazikutosha. Safari moja tu kati ya hizo ingelipa ile tofauti ya laki 5 na chenji ikabaki.

Hapo ndipo niliporudi mjini kwa yule mwenye duka, sasa nikiwa na adabu. Ni mtu mzima, sote tunamwita Ami. Nikamwambia wazi kilichonitokea. Hakunicheka. Alivuta faili akanionesha makaratasi yake ya bandarini, na akanihesabia kwa mfano mwepesi ambao nimeuhifadhi.

"Chukua rili ya dola 300 inapotoka kwa muuzaji wa jumla," akasema. "Nauli ya meli na bima, tuseme dola 30. Forodha hawaangalii 300, wanaangalia 330." Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa pamoja kwa vitu vinavyotoka nje: 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 kuna kundi la 35 kwa mia. Kitu kikiwekwa kwenye kundi la 25, ni dola 82 na nusu, jumla 412 na nusu. Kisha VAT, ambayo Zanzibar ni asilimia 15, inapigwa juu ya hiyo jumla. Maana yake unalipia kodi mpaka ile nauli na ule ushuru wenyewe. Unafika dola 474, na bado hujamlipa wakala, hujalipa ada nyingine za bandari, hujalipa kodi ya duka, na wewe mwenyewe hujala.

Nikamwuliza, kama tatizo ni kodi, mbona Dar es Salaam VAT ni 18, zaidi ya kwetu, na ndoana na mishipi nimezikuta huko kwa bei ya chini? Akanijibu kwa swali: "Nahodha, nyinyi wenye boti za wageni Nungwi na Kendwa mpo wangapi? Na kila mmoja ananunua rili mara ngapi?" Rili ile aliyonitajia milioni 2 na laki 1 ilikuwa imekaa kabatini miezi 14. Pesa yake imelala humo. Aliilipia kwa dola, na wakati imekaa pale shilingi ilikuwa inashuka. Mwaka 2023 dola ziliadimika nchini, na aliyetaka kuagiza mzigo mpya alizitafuta kwa shida. Kwa hivyo anapopanga bei anaangalia ile rili itakayomrudia kabatini baada ya hii, kwa dola atakayoikuta siku hiyo. Na mzigo wake ni boksi dogo ndani ya kontena la kuchangia, linaloteremshwa Dar au Mombasa kisha linapandishwa chombo kingine kuja bandari yetu ya Malindi, hapa Unguja. Kila linaposhushwa na kupandishwa, kuna anayelipwa.

Omani ni kinyume chake. Ushuru wa nchi za Ghuba kwa vitu vingi ni asilimia 5. VAT yao, iliyoanza Aprili 2021, nayo ni asilimia 5. Dubai hapo jirani ina maghala makubwa, na sarafu zao zote mbili zimefungwa kwenye dola, kwa hivyo mwenye duka hana haja ya kujikinga na kesho.

Jambo hili lilinikaa kichwani, na mwezi wa pili nikampata wa kuliendeleza. Mgeni wetu mmoja kutoka Denmark ni mwindaji, na tulipokuwa tunangojea samaki alinihadithia habari ya bunduki yake ya marisawa. Binamu yake aliyehamia Marekani alinunua ya kiwanda kilekile cha Italia kwa bei ya chini sana. Nilidhani Marekani bunduki haina kodi. Kumbe inayo. Bunduki za kuwindia na risasi zinatozwa asilimia 11 kiwandani au kwa mwagizaji, na bastola 10, na kwa sheria ya 1937 fedha hiyo hupelekwa kwenye majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Vifaa vya uvuvi vikapata sheria ya namna hiyo mwaka 1950: rili kama yangu inalipiwa asilimia 10, na fedha inakwenda kwenye samaki na maji. Natamani na sisi tungekuwa na kitu cha namna hiyo, ninachokilipa kwenye rili nikione kwenye miamba ya matumbawe.

Sasa kama kodi ipo, bei imeshukaje? Ni hesabu ya Ami tena. Marekani wawindaji ni mamilioni, viwanda vipo hukohuko, na maduka yanagombania mteja. Denmark ni nchi ndogo. Muuzaji wa bunduki anahitaji leseni, chumba cha chuma, na daftari la kila kipande, na gharama zote hizo anazigawa kwa bunduki chache anazouza kwa mwaka. Rili yangu ilikuja ndani ya begi la jirani. Bunduki haiji hivyo: inataka kibali cha kutoka, kibali cha kuingia, muuzaji mwenye leseni kila upande, na msafirishaji aliyekubali kuibeba, na wengi wanakataa. Uingereza na nchi kadhaa za Ulaya kuna na kipimo: mtutu hupigwa risasi yenye nguvu kuliko kawaida, ukinusurika unagongwa muhuri, ndipo uuzwe. London na Birmingham zina nyumba za kazi hiyo tangu zamani. Bunduki za bei nafuu alizoziona yule mgeni zinatoka Uturuki, vijiji vya Huğlu na Üzümlü huko Konya, ambako mafundi wengi wanafanya kazi hiyo pahala pamoja.

Kuna jingine alilonisahihisha, na wanaonunua mtandaoni walizingatie. Bei ya Marekani inaandikwa bila kodi ya mauzo ya jimbo, inaongezwa unapolipa, na majimbo kama Oregon na Montana hayatozi kabisa. Bei ya Denmark imeshabeba asilimia 25 ndani yake, ya Uingereza 20, ya Hungary 27. Mtu akiweka picha mbili za bei sambamba, moja ya Marekani na moja ya Ulaya, analinganisha kitu kilichovuliwa magamba na kisichovuliwa. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo nilipoweka picha ya mpwa wangu mbele ya Ami siku ile ya kwanza.

Basi naipaje maksi? Rili yenyewe naipa 9 kati ya 10. Inavuta, haitetemeki, na tangu ilipotengenezwa haijaniangusha hata siku moja. Ununuzi wa Maskati naupa 5. Bei nzuri, boksi safi, lakini baada ya kulipa huna mtu. Kwa anayevua mara moja kwa mwezi, nunua huko, hutajuta. Kwa sisi tunaoishi kwa mashine hii, bei ya mjini ingekuwa ghali siku ya kwanza na nafuu mwezi wa kumi, lakini kwa sharti la mwenye duka kuweka spea. Na hapa namlaumu Ami kidogo, na nimemwambia usoni: wakati ule alinitajia bei ya duka lenye huduma, na spea hata moja hakuwa nayo. Mtu akilipa milioni 2 anastahili kuikuta beringi ya shilingi elfu 20 kabatini.

Alinisikiliza. Mwezi huu tumekaa manahodha watano wa Nungwi, tumeandika orodha moja: sahani za breki seti 10, beringi 20, springi, na grisi ya baharini. Tumetoa nusu ya fedha mkononi, Ami anaongeza nusu na ataziagiza pamoja na mzigo wake unaofuata ili nauli igawanyike. Karatasi ya wakala ataibandika dukani kila mtu aisome. Mzigo tunautegemea kabla jodari hawajaingia mwezi wa nane, na mimi nimekwisha mwambia mpwa wangu asininunulie rili ya pili mpaka boksi hilo lifunguliwe.