Shingo ya skrubu au ya gundi?

Nimeunga magitaa mawili ya umeme hapa Kirumba, Mwanza, yote kutoka kwenye boksi la vipande vilivyokatwa tayari. La kwanza umbo la Telecaster, ambalo kampuni ya Fender ililitoa miaka ya mwanzo ya 1950. La pili umbo la Les Paul ya Gibson, ya 1952. Kama ndiyo unaanza, chukua la kwanza.

Shingo ya Telecaster hushikwa na skrubu nne. Nyuzi zikikaa juu mno, unafungua, unaweka kijikaratasi kigumu ndani ya tundu la shingo, unafunga. Nilifanya hivyo mara tatu jioni moja, bisibisi mkononi, na sikuharibu kitu.

Les Paul inataka gundi, na gundi haina msamaha. Kabla ya kupaka, vuta uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja (kipande kinachobeba nyuzi kwenye mwili wa gitaa) uone kama shingo imenyooka. Mimi nilikuwa na haraka. Leo uzi mwembamba unateleza ukingoni kila nikiubonyeza. Tena ilikuwa masika. Kwa unyevu ule wa ziwani vanishi iligoma kukauka, na alama ya dole gumba langu bado iko mgongoni.

Ila pikapu zake (sisemi gari, ni vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) zina koili mbili za waya, zinakata ule mvumo wa umeme. Na nyuzi ni laini zaidi: urefu wake ni kama milimita 628, wakati Telecaster ina 648. Kwa kucharaza solo ya rumba, nalishika hilohilo lililopinda.