Sanduku la spana la trei tano: mwaka na miezi miwili ndani ya gereji yangu Kigamboni

Kwa miaka mingi spana zangu zilikaa ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20. Nyundo na bisibisi zimechomoza juu, soketi zimezama chini pamoja na misumari na mchanga. Nikitaka kitu kimoja, naimwaga yote sakafuni.

Kilichonichosha ni usiku wa kuamkia safari ya Korogwe. Mkanda wa alteneta wa gari letu, Toyota IST, ulikuwa unalia, na kuukaza ni kazi ya robo saa: unalegeza bolti yenye kichwa cha milimita 14 na ya 12, unaivuta alteneta, unakaza. Spana ya 14 nilikuwa nayo mkononi. Ya 12 haikuonekana. Binti yangu wa miaka tisa alinishikia tochi mpaka usingizi ukamshinda. Tuliiona asubuhi nyuma ya pipa la maji, tukaondoka saa nne badala ya saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa tunawahi mazishi ya shangazi. Tulipofika, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

Wiki iliyofuata nikaenda eneo la Gerezani, jijini Dar es Salaam. Dukani kulikuwa na masanduku ya plastiki, ya bati yenye trei tatu, na moja la trei tano, la chuma, lenye rangi nyekundu. Muuzaji akaniambia, "Kaka, la trei tatu linakutosha, hili kubwa utalichoka kulibeba." Nilishachora kwenye karatasi vitu nilivyonavyo, nikajua la trei tatu halitanitosha. Alianzia 95,000, tukakubaliana 78,000.

Lina urefu wa sentimita 53, upana 20 na kimo 20. Ukivuta mishikio miwili pande mbili, linafunguka kama kuku anayetanua mbawa: trei mbili zinakwenda kushoto, mbili kulia, na chini kabisa linabaki shimo refu. Hapo ndipo uzuri wake ulipo. Kila kitu unakiona kwa wakati mmoja, hakuna cha kufunua ili ukione kingine. Sanduku la kifuniko kimoja, hata liwe zuri namna gani, baada ya mwezi linageuka ndoo yenye pembe.

Siku ya kwanza lilinikata kidole. Kingo za trei hazikukunjwa vizuri, na nilitumia jioni nzima kuzipitishia tupa na msasa, kisha nikapaka rangi mahali palipobaki chuma kitupu. Ukinunua, pitisha kitambaa kwenye kingo kabla hujatia chochote. Pale kitambaa kinapokwama ndipo pa kupiga tupa.

Sasa upangaji, maana sanduku lenyewe halipangi kitu. Nilianza na swali moja: mkono wangu unakwenda kwenye nini mara nyingi zaidi? Kwa gari za Kijapani jibu ni fupi. 8, 10, 12, 14, 17 na 19, pamoja na 21 ya nati za tairi. Spana za 13, 15 na 18 zimo kwenye seti yangu, lakini kwenye IST sijawahi kuzihitaji. Hizo ni za kumfungulia mtu gari la Kijerumani. Nikazipeleka chini. Trei ya juu kulia ikabaki na soketi za kila siku, kuanzia ndogo hadi kubwa, pamoja na ile ndefu ya 16 ya kufungulia plagi. Juu kushoto ni bisibisi, testa na alenki. Trei za chini yake, upande mmoja spana za fleti (zenye mdomo wazi) na za ringi (zenye duara), upande mwingine plaizi na koleo za aina zote. Shimoni nikaweka nyundo, tindo, spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo), na chochote chenye uzito.

Uzito kukaa katikati si jambo la urembo. Mwanzoni nilijaza trei za kulia kwa soketi za nusu inchi, na kushoto nikaacha vitu vyepesi. Nilipolifungua juu ya meza, sanduku zima likalalia kulia na kumwaga soketi zote. Trei zikishatoka nje, uzito wake nao umetoka nje ya miguu ya sanduku. Lazima pande mbili zilingane, na chini kuwe kuzito kuliko zote.

Kosa langu kubwa lilikuwa sponji. Nilitaka kila spana iwe na kitanda chake, nikachukua kipande cha godoro la zamani, nikakikata, nikapanga spana, nikafurahi. Masika yakaja. Huku Kigamboni upepo wa bahari unafika hadi jikoni, na sponji la godoro lina vitundu vilivyo wazi vinavyonywa unyevu na kuukumbatia. Baada ya wiki tatu niligeuza spana na kukuta mgongo wake umeota kutu ya rangi ya machungwa, sawasawa na pale ilipolala. Upande wa juu uliokuwa wazi ulikuwa unang'aa. Iliniuma kweli, kwa sababu baadhi ya ringi zile alinipa mjomba.

Nilitupa sponji lote. Badala yake nikanunua ile mikeka ya vipande vya kuunganisha ambayo watoto wanachezea sakafuni. Malighafi yake ni kama ya malapa: vitundu vyake vimefungwa, maji hayaingii. Nikachukua ya njano na ya nyeusi. Ya njano inalala chini, nyeusi juu yake. Nikaweka spana juu ya nyeusi, nikaizungushia kalamu, nikakata kwa kisu cha wembe mpaka njano itokeze. Spana ikiwa mahali pake, unaona weusi na chuma. Ikitoka, njano inakuita ukiwa mlangoni.

Hilo sikulibuni. Mjomba wangu alifanya kazi karakana ya reli Morogoro, na nilipokuwa mdogo alinisimulia kuhusu ubao wa ukutani uliochorwa kivuli cha kila kifaa. Kivuli kimoja kikiwa kitupu jioni, hakuna anayekwenda nyumbani, kwa sababu spana iliyosahauliwa ndani ya injini itakuja kuua mtu. Alipokuja kunitembelea mwezi wa sita nilimfungulia sanduku. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo akiwa bado mlangoni, na sijui kama aliisikia. Macho yalikuwa kwenye ile njano. Akachomoa ringi ya 17, akairudisha, akasema, "Hapa huhesabu spana, unahesabu matundu."

Kuhusu kutu, sasa nina desturi: nikimaliza kazi nafuta kila kitu kwa kitambaa chenye matone machache ya oili ya cherehani. Utando mwembamba tu, usioshika vumbi. Tupa hazipati oili, maana zitateleza juu ya chuma badala ya kula. Hizo nazisugua chaki na kuzifunga kitambaa kila moja peke yake, zisigongane meno.

Kasoro za sanduku ninazozijua sasa. Mwezi wa tisa ribiti mbili za mikono inayobeba trei zililegea, trei ya juu ikaanza kukwaruza ya chini. Nilizitoboa kwa drili nikaweka bolti za milimita 5 na nati zenye nailoni ndani, na hazijalegea tena. Kama ningeanza upya ningebadilisha zote siku ya kwanza. Mishikio ni myembamba, na sanduku likiwa limejaa inakata viganja. Nimeizungushia tyubu ya baiskeli. Komeo lina tundu la kufuli ndogo tu. Na urefu wa sentimita 53 una mipaka yake: mkono mrefu wa kulegezea nati za tairi haukuingia, na fremu ya msumeno wa chuma inazuia trei kufunga. Vyote viwili vinaning'inia ukutani, na vyenyewe nimevichorea kivuli.

Rafiki zangu wananiuliza kwa nini sikununua kabati la droo lenye magurudumu. Kwa fundi mwenye sakafu laini na gari nne kwa siku, kabati ni bora, sibishi. Sakafu yangu ni saruji iliyoparara, na mara nyingi gari linaharibika mahali pengine, si nyumbani. La plastiki sikulitaka kwa sababu gereji yangu haina mlango na jua la mchana linalipiga. Nimeona vifuniko vingi vya namna hiyo vikipasuka kwenye bawaba.

Ningelinunua tena, kwa mtu mwenye vifaa hamsini au sitini na gari moja la nyumbani. Binti yangu sasa ananipa spana bila kuuliza ni ipi. Mimi nikiwa chini ya gari, nasema "kumi na mbili", inafika mkononi.

Leo jioni kuna njano moja. Ringi ya 14 iko kwa jirani, anamwaga oili ya gari lake. Nimebana karatasi yenye jina lake kwenye tundu, na kabla sijafunga gereji naenda kugonga geti lake.