Vali ya sauti baada ya kuondolewa zoloto: mwaka na miezi miwili nikiwa nayo

Nimesomesha madrasa miaka 22, kwa hiyo zoloto, kile kiungo cha sauti kooni, lilipoondolewa kwa sababu ya saratani, nilijua kazi imekwisha. Mwanzoni nilitumia kile kifaa cha betri cha kugandamiza shingoni. Kinasaidia, lakini sauti yake ni moja tu, na wajukuu walikiogopa.

Kisha daktari akatoboa kitundu kidogo kati ya bomba la hewa na umio (njia ya chakula), akaweka vali ya silikoni. Mbinu hii waliitangaza Singer na Blom wa Marekani mwaka 1980. Ukiziba kwa kidole gumba tundu la shingoni, ambalo ndilo tunapumulia baada ya upasuaji, pumzi ya mapafu hupita kwenye vali hadi kwenye umio, nyama za pale juu zinatetemeka, na sauti inatoka. Neno langu la kwanza lilikuwa jina la mke wangu. Alikuwa anamenya vitunguu, kisu kikamdondoka.

Sauti ina mkwaruzo, lakini ni yangu. Nikifurahi inasikika.

Matunzo yake ni ya kila siku. Naisugua kwa brashi asubuhi na jioni, maana fangasi huota juu yake. Ikichakaa, chai itakuambia: funda moja, kikohozi, na chai inatokea shingoni. Kuibadilisha ni dakika chache kliniki, ila bei inauma, na safari moja vali zilikosekana, nikakaa wiki tatu kwa uji mzito. Kabla hujakubali upasuaji, uliza vali za kubadilishia zinapatikana wapi, na kwa shilingi ngapi.