Magari ya kasi kwa mnunuzi wa Malindi: lipi litakurudishia pesa zako ukiliuza

Kijana aliyekuja kutoka Mtwapa kununua Subaru Impreza yangu hakuwasha injini. Alitandika gunia, akalala chali, akaingia uvunguni na tochi ya simu. Alipotoka alinionyesha kidole chenye unga mwekundu. "Ami, juu limependeza, lakini chini chumvi imeshakula. Na egzosi yake ya kampuni iko wapi?" Egzosi ya kampuni nilikuwa nimempa mtu wa vyuma chakavu siku nilipofunga ile ya kunguruma. Akakata zaidi ya robo ya bei niliyotaja. Nikakubali, kwa kuwa gari lilikaa sokoni miezi minne na yeye alikuwa mtu wa tatu kuja kulitazama.

Tangu siku hiyo kila gari la kasi nalitazama kuanzia mwisho: nani atalichukua mkononi mwangu, na atalichukua kwa nini? Nimeyapanga magari hapa chini kwa swali hilo, si kwa lipi linakimbia zaidi. Mtu wa Nairobi huenda akayapanga vingine. Sisi tunaishi kando ya bahari, fundi wa magari mengine yuko kilomita 600 kutoka hapa, na barabara ya kwenda Mombasa imejaa matuta.

Kwanza bei yenyewe imejengwa na nini. Gari likishuka Mombasa, KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hulikadiria thamani kisha kodi hupandiana. Ushuru wa forodha ulitoka asilimia 25 ukawa 35 mwaka 2023. Juu yake upo ushuru wa bidhaa, asilimia 25 kwa injini ya petroli iliyozidi sisi (cc) 1500, na asilimia 35 ikizidi sisi 3000. Halafu VAT ya asilimia 16 juu ya jumla yote. Gari la lita 2 lililokadiriwa shilingi milioni 1 linafika karibu milioni 1.96 kabla ya zile ada ndogondogo. La lita 3.8 linapita milioni 2.1. Mnunuzi wako hatajali ulilipa kodi ngapi. Atakachouliza ni kwamba akiagiza lake leo litamfikia kwa shilingi ngapi. Ndiyo maana kodi ilipopanda 2023, wenye magari yaliyokuwa tayari yameingia walipata mahali pa kuegemea bei zao.

La pili lina uzito kuliko hilo la kodi, nami naona watu wengi hulisahau. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, wala lenye usukani wa kushoto. Huko Marekani sheria inamruhusu mtu kuingiza gari likitimiza miaka 25, na hilo ni moja ya mambo yaliyopandisha sana bei ya Skyline GT-R R34 na Supra A80 kule Japani. Kwetu mlango huo haupo. Kwa hiyo aina yoyote ya gari ina nyakati mbili hapa nchini. Wakati bado linaingia bandarini, lako hushuka thamani kila mwaka, maana kila meli inaleta mwenzake aliye mpya zaidi. Mlango ukifungwa, yaliyomo ndiyo hayo, na ajali na kutu huyapunguza kila mwaka. Lililotunzwa huacha kushuka.

1. Subaru Impreza WRX STI

Naiweka juu bila kusita, na si kwa mapenzi peke yake ingawa mapenzi ninayo. Ukiwa Malindi, Kilifi au Mombasa huwezi kukosa fundi aliyewahi kuifungua injini ya Subaru, na spea zake utazikuta. Mvulana aliyezaliwa hapa Kenya anaijua ile rangi ya buluu na rimu za dhahabu kabla ya kujua kuendesha, kwa ajili ya Safari Rally: Colin McRae alishinda 1997 akiwa ndani ya Impreza, Richard Burns akarudia 2000. Mnunuzi wa gari lako ameshatengenezwa tangu utotoni.

Sasa tazama mlango. STI ndilo toleo kali la WRX, na oda za STI za Japani, zenye injini ya EJ20 ya lita 2, zilifungwa mwishoni mwa 2019. Mwaka 2022 Subaru ikatangaza kwamba hakutakuwa na STI mpya ya petroli juu ya WRX ya sasa. Gari lililosajiliwa 2019, kwa sheria ya miaka minane, mwisho wake wa kuingia Kenya ni 2026. Sijui gari jingine la kasi lililo wazi kiasi hiki katika hesabu yake.

Lakini kuna mitego. Wa kwanza ni STI ya jina tu, yaani WRX ya kawaida iliyobandikwa nembo. Kwa zile za 2000 hadi 2007, soma namba ya chasisi: GDB ni STI, GDA siyo. Gia ziwe sita na breki ziwe Brembo. Kwa zile za baada ya 2014, VAB ndiyo STI. VAG ni WRX S4, gari zuri la kuendesha lakini giaboksi yake ni ya mkanda, CVT, na mpenzi wa STI hatakupa bei ya STI kwa CVT hata ukimwapia. Mtego wa pili ni injini ya lita 2.5, EJ257, ambayo pistoni zake hupasuka kwenye kingo za ringi, hasa mtu akishaichezea kompyuta ili kuongeza nguvu. Akikwambia "nimeitia ramani mpya", muulize nani aliitia na karatasi ya vipimo iko wapi. Kama hana, rudisha funguo.

Wa tatu ndio ulioniangusha mimi. Gari la kasi lililobadilishwa humpendeza aliyelibadilisha. Mnunuzi hulihesabia hasara, kwa sababu hajui limeteswa kiasi gani. Weka rimu zako na egzosi yako ukipenda, ila za kampuni zipake oili, zifunge kwa turubali, ziweke stoo. Siku ya kuuza zitarudisha pesa kuliko zile ulizonunua.

2. Mitsubishi Lancer Evolution

Tommi Mäkinen alishinda Safari kwa gari hili 1996 na 2001, na Evo IX yenye injini ya 4G63, bloku ya chuma kizito, mafundi wake huizungumzia kwa heshima. Uzalishaji wa Evo ulikoma 2016, kwa hiyo tangu 2024 ikaanza hakuna hata moja inayoweza kuingia nchini. Kwa sababu ya uhaba ingestahili nafasi ya kwanza. Naiweka ya pili kwa sababu wanunuzi wake ni wachache, utamngoja mwenyewe, na spea nyingi lazima ziagizwe.

Ukinunua Evo X hapa Pwani, kagua kwanza pampu ya AYC. Hii ndiyo inayosukuma mafuta ya mtambo unaogawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma, na imefungwa chini, nyuma, mahali panaporukiwa na maji na matope. Kule Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, pampu hizi zimejulikana kwa kuoza. Sisi chumvi yetu haina msimu. Gia ya mkono ina wanunuzi wengi kuliko ile ya SST, ya kujibadilisha yenyewe, ambayo hupata joto ikiendeshwa kwa nguvu na ukarabati wake ni ghali. Nikipewa nafasi ningechukua IX iliyochoka rangi kabla ya X ing'aayo.

3. Toyota 86

Lita 2, haina turbo, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, bei yake si ya kutisha. Injini ni ya Subaru lakini nembo ni ya Toyota, na nembo hiyo peke yake inamtuliza mnunuzi wa Kenya na mke wake. Bado zinaingia bandarini, kwa hiyo thamani itaendelea kushuka, ila kwa upole. Tatizo lake ni kimo. Nenda nayo polepole kutoka Malindi hadi Mtwapa uhesabu mara ngapi tumbo limegusa tuta, ndipo uamue. Kama umepanga kuitumia zaidi njia za mchanga za Mambrui, acha.

4. Volkswagen Golf GTI na R

Ni magari bora kabisa ya kuishi nayo: watoto nyuma, mizigo ya sokoni, na mwendo unaotosha. Hata hivyo kila meli inaleta mengine. Nunua la miaka sita au saba, mtu wa kwanza ameshakubebea hasara kubwa. Muulize mwenyewe mafuta ya giaboksi ya DSG yalibadilishwa lini. Zile za gia sita hutaka kila kilomita 60,000, na jibu la "hayabadilishwi" lina maana ya bili inayokungoja.

(Mtu akiniuliza gari la kasi la familia ambalo halitamkawiza kuliuza, humwambia Forester XT. Si gari la michezo, kwa hiyo halimo katika orodha, lakini nimeona madalali wakiligombania.)

5. Porsche 911

Duniani hii ni kati ya za kwanza kwa kushika thamani, na baadhi ya GT3 huuzwa kwa zaidi ya bei zilizotoka nazo dukani. Kwa nini basi ya tano? Kwa sababu thamani iko mahali alipo mnunuzi, na mnunuzi wa 911 hayuko Malindi. Hata Waitaliano wetu wa Casuarina wakitaka kuiuza huipandisha Nairobi. Huko mnunuzi ataomba daftari la huduma, karatasi moja moja. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa 911 msemo huo ni hesabu ya mamilioni. Nyingi za 996 na 997 za mwanzo zina beringi ya shafti ya kati ya injini, iitwayo IMS, ambayo ikivunjika injini nzima imekwenda. Kama ilishabadilishwa na risiti ipo, hiyo ni sababu ya kulipa zaidi. Mwenye pesa, subira na banda lenye milango atafaidi. Wengine tuitazame inapopita.

6. BMW M5, Mercedes C63, Maserati Quattroporte

Haya ndiyo yanayoshuka kama nazi. Utaona M5 ya V10, iliyokuwa gari la mabilionea, kwa bei ya gari dogo jipya, na moyo utakudanganya. Bei ya gari imeshuka, ila bei ya spea imebaki palepale ilipokuwa gari likiwa jipya. V10 hiyo hula beringi za konrodi, na C63 ya lita 6.2 ya miaka ya mwanzo ina boliti za silinda hedi zinazovunjika. Ukilazimika, hakikisha unazo pesa za injini nyingine kabla ya kulipia gari.

7. Mazda RX-8

Sura nzuri, usukani mtamu, na injini ya mzunguko isiyo na pistoni ambayo hunywa oili kwa maumbile yake na kupoteza mgandamizo. Kama inasumbua kuwaka ikiwa ya moto, ondoka. Mafundi wanaoiweza hapa Pwani ni wa kuhesabu kwa vidole, na mnunuzi wako atalijua hilo.

Sasa chumvi, ambayo hupunguza bei ya gari la Malindi kuliko kilomita. Wakati wa kusi upepo unatoka baharini moja kwa moja na ukungu wa chumvi unaingia hata nyumba zilizo mbali na ufuo. Osha uvungu kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, si bodi peke yake. Usilifunike gari kwa turubali la plastiki, linafungia unyevu ndani. Unapokagua, gusa kingo za matao ya magurudumu ya nyuma, mabomba ya breki, mapezi ya rejeta, vichwa vya shoki, na soketi za waya chini ya boneti. Kijani kwenye soketi ni dalili ya matatizo ya umeme yatakayokuja.

Usidhani la kuagiza limesalimika. Magari ya kaskazini mwa Japani hupita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Dai karatasi ya mnada, na uisome mwenyewe: herufi S kwenye mchoro ni kutu, C ni kuoza, W ni mahali palipogongwa pakanyooshwa. Daraja la R au RA maana yake gari limewahi kukarabatiwa baada ya ajali, na siku moja mnunuzi wako atakuja na karatasi hiyohiyo mkononi. Muuzaji akisema imepotea, bei nayo ishuke.

Kabla ya kulipa, hakikisha jina lililo kwenye rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari, ni la huyo anayekuuzia, na uhamisho ufanyike siku hiyohiyo. Tazama pia herufi za namba. Wakenya huhukumu umri wa gari kwa namba ya usajili, kwa hiyo magari mawili ya mwaka mmoja yanaweza kuachana bei kwa sababu moja ni KC na jingine ni KD. Ukinunua, chukua lenye namba ya zamani na hali nzuri. Punguzo ni lako.

Na ukiwa na pesa taslimu, subiri Januari. Desemba wageni wako Malindi na kila mwenye gari la kasi analiona dhahabu. Ikifika wiki ya kulipa karo, yuleyule aliyekataa ofa yako Krismasi atakupigia simu mwenyewe.