Mita kwanza, mashine baadaye: vifaa vya kupimia umeme wa gari kwa mpangilio wangu

Kifaa cha kwanza cha fundi umeme anayeanza hapa Kigoma hakiuzwi dukani. Ni balbu ya indiketa, nyaya mbili na msumari. Nami nilianza na balbu hiyo, na ndiyo iliyonichomea kontroli boksi ya mteja, ile kompyuta inayoongoza injini.

Ilikuwa Probox ya abiria ya njia ya Kasulu, injini 1NZ, inamisi: silinda moja haichomi mafuta. Nikabana waya mmoja wa balbu kwenye chanya ya betri, nikaanza kutafuta ethi, yaani waya wa hasi, kwenye soketi ya koili, kile kifaa kinachotoa cheche. Soketi ile ina nyaya nne: umeme wa betri, ethi, na nyaya mbili nyembamba zinazokwenda kwenye kontroli boksi. Nikagusa mmoja wa zile nyembamba. Balbu ikawaka hafifu, nikafurahi. Tangu hapo silinda ile haikupata cheche tena, hata kwa koili mpya. Kumbe waya ule ndio kontroli boksi inaoutumia kuiamuru koili ipige, kwa volti 5 tu, na mimi nimeusukumia 12. Boksi nyingine tukaagiza Dar kwa hela yangu, na mwenye gari akanikalia gereji siku nne bila kuninunia, jambo lililoniuma kuliko kama angenitukana.

Kwa hiyo mpangilio huu ni wa mtu aliyekwisha kulipa ada. Nimevipanga kwa jinsi ninavyoona hela ingetoka mfukoni, kuanzia cha kununua leo hadi cha kuacha kabisa. Bei sitaji, maana ya leo hapa Mwanga mjini Kigoma si ya mwezi ujao.

1. Mita ya kidijitali, lakini si yoyote

Balbu ya wati 5 kwenye volti 12 inavuta kama ampea 0.4. Ikiwa baridi, sekunde ile ya kwanza, inaweza kuvuta hata mara kumi ya hapo. Mita ya kidijitali yenye ukinzani wa megaohmu 10 ikipima volti hizo hizo inavuta takriban mikroampea 1.2, yaani kontroli boksi haijui hata kama umeigusa. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuiweka mita juu ya vingine vyote.

Zile mita ndogo za bei rahisi za aina ya DT830, ambazo karibu kila duka la spea na la umeme linazo, zinasaidia kwa betri na taa. Zina kasoro tatu za kuzijua kabla hujatoa hela. Nyingi zina ukinzani wa megaohmu 1 badala ya 10, hivyo kwenye sensa (vihisio vya injini) zenye umeme dhaifu zinaweza kukudanganya. Tundu la ampea 10 halina fyuzi, na wenyewe wameandika hivyo pembeni ya tundu. Ukisahau waya mwekundu hapo halafu ukagusa betri kama unapima volti, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja: waya unayeyuka mkononi. Kasoro ya tatu ndiyo ya kijanja kuliko zote. Betri yake ya volti 9 ikianza kuchoka, mita inasoma juu kuliko ukweli. Nimewahi kuletewa alteneta nzima, imeshafunguliwa, eti inachaji volti 15.8. Nikaipima tena kwa mita nyingine: 14.2. Kilichokuwa kibovu ni betri ya mita.

Ongeza hela kidogo upate mita ya kati, ile inayojichagulia yenyewe kiwango, ina megaohmu 10, na matundu yote ya ampea yana fyuzi. Mwenye uwezo zaidi, Fluke 101 ni ndogo, inaingia mfuko wa ovaroli, na haipimi ampea kabisa. Watu wanaiona hiyo ni pungufu. Kwa anayejifunza naiona ni faida, kwa sababu tundu la kukosea halipo.

Sasa mita hiyo inakufanyia nini? Betri iliyojaa na kupumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Wakati stata inazungusha isishuke chini ya 9.6. Injini ikiwaka, chaji iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Haya wengi wanayajua. Wengi wanachoruka ni kupima ethi, na huku kwetu ethi ndiyo mchawi.

Kulikuja pikapu ya kubeba chumvi kutoka Uvinza. Stata nzito, wameshabadilisha betri, wameshabadilisha na stata yenyewe. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwambia dereva apige stata. Kama ethi ni nzima, mita inatakiwa isome karibu na sifuri, chini ya nusu volti hata stata ikizungusha. Ikasoma 2 na ushee. Volti mbili zinapotelea kwenye waya! Tulipofungua boliti inayoshika ethi kwenye bodi, chini yake kulikuwa na unga wa kijani. Msasa, grisi kidogo, tukafunga. Gari ikawaka kwa nusu mzunguko. Chumvi ya Uvinza haitofautishi chungu na chesisi.

Upimaji huo unafanyika bila kukata wala kufungua kitu, na hauwezi kuchoma chochote. Cha kukumbuka ni kwamba volti unapima mfumo ukiwa na umeme, ohmu unapima umeme ukiwa umezimwa na soketi imechomolewa. Ukipima ohmu kwenye waya wenye umeme, namba itakayokuja ni ya uongo, na mita rahisi inaweza kufa.

2. Pini za kuchokonoa nyuma ya soketi, na waya wenye fyuzi

Hivi ni vya bei ndogo kuliko vyote humu, na nimeviweka nafasi ya pili makusudi. Ncha ya mita ni nene. Ukiilazimisha ndani ya soketi ya sensa upande wa mbele, unapanua kile kikuku cha shaba, na kesho sensa inagusa na kuachia, unaanza kutafuta ugonjwa ulioutengeneza mwenyewe. Pini nyembamba inaingia kwa nyuma, pale waya unapoingia kwenye soketi, huku soketi imeunganishwa na gari inafanya kazi. Ukikosa za dukani, sindano ya kushonea inatosha.

Kutoboa ganda la waya ni tabia mbaya ninayoijua vizuri kwa sababu ninayo. Tundu dogo, maji ya masika yanaingia, baada ya miezi shaba imekuwa unga. Ikikulazimu, ziba kwa rangi ya kucha. Kijana wangu gereji aliniuliza, "Kaka, hii ya mke wako?" Ndiyo, na hajajua bado.

Waya wa kuungia kwa muda uwe na kishikio cha fyuzi katikati, ya ampea 5 au 10. Ukikosea, inakatika fyuzi.

3. Testa ya LED

Inafanana na balbu kwa matumizi: unabana, unagusa, inawaka. Ila inavuta miliampea chache tu, na nyingi zina taa mbili, nyekundu kwa chanya na kijani kwa ethi. Kwa kuona kama injekta, ile inayopuliza mafuta kwenye injini, inapata mapigo ya umeme, ni nzuri kuliko mita, kwa sababu jicho linaona kupepesa ambako namba za mita haziwahi. Angalia iwe imeandikwa inafaa kwa kompyuta za magari. Zile bisibisi zenye taa za kupimia umeme wa nyumbani ni kitu kingine, kwenye gari hazikusaidii.

4. Mashine ya kusoma makosa

Najua wengi mngeiweka ya kwanza. Mteja akiona simu inaonyesha herufi na namba, anaamini. Lakini mashine inakwambia malalamiko ya kontroli boksi, haikwambii kilichokufa. Kosa namba P0335 linasema njia ya sensa ya krenki ina tatizo, na njia hiyo ni sensa, soketi, nyaya na boksi. Bila mita unabaki kununua sensa kwa kubahatisha.

Mfano wa karibu. Noah ilikuja na taa ya injini, kosa la sensa ya joto la maji. Fundi mwingine alishachomoa soketi, akagusa kwa balbu, balbu haikuwaka, akamwambia mwenye gari boksi imekufa. Mama wa watu alikuja kwangu anauliza bei ya boksi. Nikapima waya ule ule kwa mita: 4.9. Boksi nzima kabisa. Inatoa volti 5 kupitia ukinzani mkubwa ndani yake, umeme mdogo mno kuwasha balbu yoyote. Nikapima sensa yenyewe kwa ohmu. Sensa kama hiyo kwenye nyuzi 20 huwa na kiloohmu 2 hadi 3, na injini ikichemka kufika nyuzi 80 inashuka hadi ohmu mia tatu hivi. Hii haikuonyesha njia kabisa, imekatika ndani. Akanunua sensa.

Ukinunua kile kidude cha bluetuthi cha ELM327, kinachopeleka makosa ya gari kwenye simu, kumbuka Marekani ililazimisha OBD2, mfumo mmoja wa kusoma makosa, kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, Ulaya ikafuata 2001 kwa ya petroli. Magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, na yale ya miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000 yanaweza kuwa na soketi ya pini 16 yasiongee na kidude chako. Kijaribu kwenye gari yako hasa kabla ya kulipa. Kisha kichomoe usiku: pini namba 16 ina umeme wa betri muda wote, kikilala hapo wiki nzima betri nayo inalala.

5. Klampu mita

Ni mita yenye taya za kukumbatia waya, nzuri kwa kupima stata inavuta ampea ngapi, au nini kinakula betri usiku, bila kukata waya. Tatizo ni kwamba nyingi za madukani zinapima ampea za umeme wa nyumbani tu, AC. Gari ni DC. Kama kwenye kiwango cha ampea hakuna alama ya DC, iache.

Viwili vya mwisho

Testa zenye swichi ya kutoa umeme, unabonyeza na ncha inasukuma volti 12, ni tamu sana kwa kujaribu feni au honi. Kwa kidole kilichozoea ni dhahabu. Kwa anayeanza, ni balbu yangu ya Probox iliyoongezwa nguvu. Subiri mwaka.

Na balbu yenyewe? Sijaitupa. Kwenye taa za breki, honi na nyaya za tela inashinda hata mita, kwa sababu inavuta umeme wa kweli. Waya uliobaki uzi mmoja mzima utaionyesha mita volti 12 safi, balbu ukiiweka inafifia, siri inatoka. Ibaki huko nyuma ya gari, isikaribie sensa wala kontroli boksi.

Yapo mambo ambayo hakuna kifaa kitakukinga nayo. Soketi za njano ni za eabegi (mifuko ya hewa ya ajali): usizipime kwa chochote, na Toyota wanataka usubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa hasi ya betri kabla ya kugusa eneo hilo. Nyaya za rangi ya chungwa kwenye haibridi ni umeme wa kuua, betri ya Prius ya kizazi cha tatu ni volti 201.6, na glavu za kuoshea vyombo si glavu. Koili inatoa makumi ya elfu ya volti, hivyo usishike waya wa plagi injini ikiwaka. Injekta za diseli za komoni reli nazo zinapigwa umeme wa juu kuliko wa betri. Kama kuna harufu ya petroli, weka mita chini kwanza. Vua pete. Feni ya rejeta inaweza kuwaka yenyewe hata umezima injini, na nyaya za mita zinapenda sana mkanda wa feni.

Na ile ya kutoa terminali ya betri gari ikiwa inawaka, ili kuona kama alteneta inachaji: iliwafaa wazee wenye magari ya kabureta. Leo ule mruko wa volti unaingia moja kwa moja kwenye boksi.

Ukiwa dukani

Ukiagiza Kariakoo, kurudisha kitu ni safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo mwombe anayekuchukulia afanye haya, au yafanye mwenyewe hapa mjini. Weka mita kwenye ohmu, gusanisha ncha zake: isome chini ya 0.5, na isirukeruke ukitikisa nyaya. Pima betri mpya ya dukani kwa mita mbili, namba ziwe karibu sawa. Kujua ukinzani, chukua DT830 yoyote, iweke kwenye ohmu 2000k, iunganishe na mita unayotaka kununua ikiwa kwenye volti za DC. Ikisoma karibu 1000, hiyo ni megaohmu 1, iache. Ikibaki inaonyesha 1 peke yake upande wa kushoto, maana yake imezidi kipimo, hiyo ndiyo unayoitaka. Fungua mfuniko wa nyuma uone fyuzi kwa macho.

Muuzaji akisema vifaa havifunguliwi, sogea. Duka la tatu kutoka hapo nalo lina mita.